Sinia Moja, Wapishi Sita

Sinema fupi 6 zikifungwa pamoja tunaambiwa ni kitu kimoja. Mie nasema siyo. Angalia African Folktales, Reimagined, zilizotolewa na Netflix pamoja na UNESCO mwezi Machi 2023. Waliotuma maombi walizidi 2,000, wakachaguliwa 6, kila mmoja akapewa dola 75,000 za kutengenezea filamu yake. Fedha sawa kwa sawa. Utamu je? Hapo ndipo walipoachana.

Ya kwetu ni Katope, ya Walt Mzengi Corey. Mama asiye na mtoto anafinyanga wake kwa udongo, na mtoto huyo ndiye anayebebeshwa ukame wa kijiji kizima. Jamani, hadithi ya mvua uiangalie ukiwa Handeni, ambako ndoo ya maji ina bei! Udongo na mvua vikikutana unajua mwenyewe inakuwaje, kwa hiyo roho inakaa juu mpaka mwisho. Hakuna aliyehitaji kutueleza kitu.

Loukman Ali wa Uganda naye kafanya kweli. Kachukua habari za kisiwa cha Ziwa Bunyonyi walikokuwa wakitupwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, akatoa kisasi.

Sasa njoo kwa Halima's Choice ya Korede Azeez wa Nigeria. Binti anakimbia ndoa ya kulazimishwa, na humo humo kuna mitambo ya miaka ijayo. Wazo bomba, lakini ni la riwaya nzima! Limekandamizwa kama abiria wa basi la Segera. Nilibaki na maelezo, Halima mwenyewe sikumpata. Anyango and the Ogre ya Voline Ogutu wa Kenya ina zimwi linaloishi ndani ya nyumba, na hilo linatisha kweli. Ule mji wake wa kubuni ndio unaotupotezea muda.

Nayasema haya kwa kuwa yanatuhusu. Sisi wa Handeni na wenzetu wa Korogwe tunakusanya hadithi za kitabu kimoja, na minong'ono imeshaanza: nusu zitoke huku, nusu kule, kila mtu kurasa 10. Huo si ni mgao wa sukari? Hadithi ya kurasa 4 ipewe 4. Korogwe wakileta 8 nzuri na sie 3, basi kitabu kiwe na 11. Mbovu irudi kwa mwenyewe, awe mshkaji au mwenyekiti.

Zangu mbili ziko kwa mhariri. Akate.