Bunduki Isiyotaka Darubini

Darubini ya bunduki ni chombo cha shabaha iliyotulia. Mwindaji anayemlenga kulungu aliyesimama ng'ambo ya bonde huhitaji kukivuta karibu kilicho mbali, kuuweka msalaba wa kioo mahali pamoja tu, kubana pumzi na kufyatua. Raifali yake hurusha risasi moja, nayo ama itapata ama itakosa. Katika mchezo wa kulenga visahani vya udongo karibu kila sharti kati ya hayo linapinduka. Shabaha haiko mbali, haitulii hata kidogo, na kinachotoka mtutuni ni kundi la punje ndogo, yaani marisau. Waliokulia kwenye raifali huuliza mara kwa mara kwa nini shotigani ya mchezo huu haifungwi darubini, na swali lao ni zuri kuliko wanavyodhani, kwa kuwa jibu lake lina ustadi wote wa mchezo ndani yake.

Kisahani kilikuja kuchukua nafasi ya ndege. Katika karne ya 19 walengaji wa Uingereza na Marekani waliwafyatulia njiwa hai waliofunguliwa kutoka masandukuni, kisha wakahamia kwenye mipira ya kioo iliyotapakaza vigae uwanja mzima. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati, Ohio, alipata hataza ya kisahani cha udongo wa kuchoma. Njiwa hai hawakuachwa mara moja: katika michezo ya Paris ya 1900 Mbelgiji Leon de Lunden aliibuka mshindi kwa kuangusha ndege 21, na Uingereza ilipiga marufuku mchezo huo wa kikatili mwaka 1921 tu. Kisahani cha leo hufinyangwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa, kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi, na huvunjika kwa punje chache zikikipata vizuri.

Michezo miwili mikuu ya Olimpiki hukirusha kwa namna tofauti. Katika trapu mlengaji husimama mita 15 nyuma ya handaki lenye mitambo 15; akiita, kisahani huchomoka mbele yake kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa, naye hajui kama kitakwenda kushoto, kulia au moja kwa moja. Katika skiti visahani hutoka kwenye vibanda viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, vikakatiza mbele ya vituo vinane. Hapo bunduki hukaa karibu na kiuno hadi kisahani kionekane, na mtambo unaweza kukichelewesha hadi sekunde tatu baada ya mlengaji kuita. Katika michezo yote miwili, tangu kisahani kionekane hadi mlio wa bunduki usikike, mara nyingi haipiti sekunde moja.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ugumu uliopo. Risasi ya mashindano ya kimataifa hubeba gramu 24 za marisau, takriban punje 300. Hutoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 400 kwa sekunde, lakini punje ni nyepesi na hewa huzipunguza mbio mapema. Kufika mita 35 huzichukua kama sekunde 0.12. Katika muda huo kisahani kinachokatiza kwa mita 20 kwa sekunde kimekwisha kusogea zaidi ya mita mbili. Anayekilenga chenyewe barabara, basi, amekwisha kukikosa: marisau yatapita pale kilipokuwa. Lazima mtutu ukitangulie, na kiasi cha kutangulia hubadilika kwa umbali, kwa pembe na kwa kasi. Wapo wanaoanzia nyuma ya kisahani, wakakipita na kufyatua wakiwa bado wanasukuma. Wapo wanaokaa mbele yake tangu mwanzo na kuushika umbali huo hadi mwisho. Wengine hukishika kwanza, wakaenda nacho sambamba, kisha wakachomoka mbele. Wafuasi wa kila njia hubishana bila kuchoka, lakini wote wanakubaliana juu ya jambo moja, kwamba mtutu usisimame. Ukisimama wakati wa kufyatua, kisahani hupita salama.

Sasa ifungwe darubini ya kukuza mara nne. Upana unaoonekana ndani yake ni kama mita tisa kwa umbali wa mita 100, kwa hiyo kwa mita 20 haufiki mita mbili. Kisahani chetu cha mita 20 kwa sekunde kitaingia upande mmoja wa kioo na kutokea upande wa pili ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa kuwa kioo kimekuza kila kitu, kitaonekana kikikimbia kwa kasi mara nne. Nafasi ambayo mtutu unapaswa kukitangulia haimo kabisa ndani ya duara hilo: ukiiweka shabaha ndani ya kioo, mtutu unaelekea nyuma yake; ukiupeleka mtutu panapostahili, shabaha imepotea machoni. Darubini pia hudai jicho likae umbali maalumu nyuma ya kioo, sentimita nane hadi kumi hivi, hali mwili mzima unazunguka. Tena kwa kuwa imefungwa juu ya mtutu, hulinyanyua shavu kutoka kwenye kitako, na shavu lililonyanyuka ni mojawapo ya sababu za kale kabisa za kukosa. Hata kuongezeka kwa uzito juu ya bunduki, ambako kwa raifali si kitu, hapa huharibu mzani wa chombo kilichotengenezwa kizunguke kwa wepesi.

Kilicho juu ya mtutu wa shotigani ni utepe mwembamba wa chuma na ushanga mmoja mdogo mbele, basi. Hata ushanga huo haupaswi kutazamwa. Mtoto anayeangua embe kwa jiwe huliangalia embe, hauangalii mkono wake. Akiuangalia mkono, jiwe huenda kusikojulikana. Mlengaji wa visahani naye hukaza macho yote mawili kwenye ukingo wa mbele wa kisahani, na mtutu huuona kama kivuli tu pembezoni. Kujifunza utulivu huo wa macho huchukua muda mrefu, maana kishawishi cha kurudisha jicho kwenye ushanga ili kuhakikisha ni kikubwa, na kila anayehakikisha husimamisha mtutu bila kujijua.

Kama jicho haliangalii bunduki, bunduki itajuaje pa kuelekea? Hapa ndipo penye ufundi unaostahili kusifiwa kuliko wote. Shotigani haina kilengeo cha nyuma. Kilengeo cha nyuma ni jicho lenyewe, na kinacholiweka jicho mahali pake ni kitako. Kitako kikiwa kirefu mno hukwama kwenye nguo kikipandishwa. Kikiwa kifupi, bunduki hupiga teke usoni. Mgongo wa kitako ukiwa juu, marisau huenda juu; ukiwa chini, jicho huzama nyuma ya mtutu lisione chochote. Kisha kuna kupinda kwa upande, milimita chache tu kulia au kushoto, ili jicho liangukie katikati ya utepe bila shingo kupindishwa. Mafundi wa Uingereza walitengeneza kwa kazi hii bunduki ya kupimia, yenye kitako cha viungo na skrubu kinachorefushwa, kuinuliwa na kupindwa mteja akiwa ameishika. Robert Churchill, fundi wa bunduki aliyefundisha ulengaji wa kimaumbile, aliweka msisitizo wake wote hapo: bunduki imkae mtu, na mtu aangalie shabaha.

Kipimo chao cha jadi ni cha kupendeza kwa urahisi wake. Mteja husimama yadi 16 kutoka kwenye bati la chuma lililopakwa rangi nyeupe, akapandisha bunduki na kufyatulia alama bila kulenga kwa makini. Hufanya hivyo mara kadhaa hadi madoa yaonyeshe katikati yake. Jicho lake liko karibu yadi moja kutoka kwenye ushanga. Kwa hiyo kila inchi ambayo kundi la marisau limekosea kwenye bati ni sehemu moja ya 16 ya inchi kwenye kitako. Fundi husoma bati, hugeuza skrubu, na mteja hufyatua tena. Hakuna kioo wala betri katika kazi hiyo, ila matokeo yake ni kilengeo kamili kilichochongwa kwenye mti wa jozi kwa uso wa mtu mmoja tu.

Kasoro moja haitibiki kwa kitako cha kawaida. Karibu kila mtu ana jicho tawala, na wako wengi wanaotumia bega la kulia hali jicho linalotawala ni la kushoto. Macho yote yakiwa wazi, bunduki yao huelekezwa na jicho lisilo nyuma ya utepe. Wengine huhamia bega la kushoto. Wengine hubandika kipande kidogo cha utepe wenye ukungu kwenye kioo cha miwani.

Kwa watu hao, na kwa wanafunzi, kuna chombo kingine chenye hoja nzuri kuliko darubini: kilengeo cha nukta inayong'aa. Hakikuzi chochote, huruhusu macho yote mawili, na nukta yake huonekana kana kwamba inaelea pale shabaha ilipo. Msingi wake ni wa Howard Grubb wa Dublin, aliyeuwekea hataza mwaka 1900. Katika Vita Kuu ya Pili vilengeo vya aina hiyo vilijaa kwenye ndege za kivita, na jeshi la anga la Marekani liliwafunza washika bunduki wake kwenye viwanja vya skiti, kwa sababu kuitangulia ndege ya adui na kukitangulia kisahani ni tatizo moja. Baada ya vita vilengeo hivyo vikapewa umbo la kukaa juu ya shotigani. Mkufunzi anaweza kuvitumia kumwonyesha mwanafunzi bunduki yake inaelekea wapi hasa. Tatizo ni kwamba nukta hung'aa, na chenye kung'aa hulivuta jicho. Mwanafunzi akianza kuifuata, mtutu husimama.

Darubini yenyewe ina nafasi yake kwenye shotigani pale bunduki hiyo inapobeba risasi moja nzito badala ya marisau. Wawindaji wa kulungu katika majimbo kadhaa ya Marekani, ambako raifali zilizuiwa kwa usalama wa maeneo yenye watu, huifunga na kunufaika nayo.

Kwenye viwanja vya visahani suala limekwisha kuamuliwa mara mbili, kwa matokeo na kwa sheria. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinakataza kwenye shotigani kifaa chochote kinachokuza, kinachotoa mwanga au kinachosaidia kukadiria umbali wa kutangulia. Ahmed Al Maktoum aliipatia Falme za Kiarabu medali yake ya kwanza ya Olimpiki, tena ya dhahabu, mjini Athens mwaka 2004 kwa bunduki isiyo na kioo, na Mmarekani Vincent Hancock ametwaa dhahabu nne za skiti, ya karibuni mwaka 2024, kwa utepe na ushanga. Mwenye fedha ya kununua darubini ampelekee fundi wa vitako.