Tunguu Usilolipanda

Mtu anayekutajia jina la ua kabla hajainama, usimwamini. Hata kama ni mzee wa mtaa, hata kama amesomea kilimo. Maua yanayotoka kwenye matunguu hayatambuliwi kutoka barazani. Kambove, mji wa migodi huko Katanga, ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hilo, kwa maana kila mwaka ardhi yake hutoa maua ambayo mwenye kiwanja hakuyapanda.

Mambo huanza mwishoni mwa kiangazi. Pori limeungua, moshi bado umetanda upande wa vilima, udongo mwekundu umekauka hadi jembe linadunda. Zinanyesha mvua mbili tatu za Oktoba, na katikati ya tuta la lenga-lenga, yaani mchicha, linachomoza shina nene, tupu, kichwani limebeba tufe jekundu pana kuliko kiganja. Jirani wa kwanza anasema ni sumu. Wa pili anasema ni dawa. Wa tatu anakata shauri kwamba ni ua la Wazungu, lilipandwa zamani na mke wa injinia. Yote yanawezekana, ila hakuna hata mmoja wao aliyeangalia chini ya ua.

Ua ni shahidi mbovu. Rangi yake hutofautiana kati ya mmea na mmea, hufifia juani, na wakulima wa maua wa Ulaya wamechezea rangi muda mrefu hadi wekundu peke yake haukuambii kitu. Anayeijua kazi hii huanza na vitu visivyovutia macho: mwezi, mpangilio, jani, shina, na mahali kifuko cha mbegu kilipokaa. Rangi huandikwa mwisho, tena kwa penseli.

Mpangilio ndio unaosahaulika kuliko vyote. Matunguu yaliyotokea kwa mstari ulionyooka, au yaliyozunguka alama ya mviringo ambapo zamani palikuwa na mti, yalipandwa kwa mkono wa mtu, hata kama nyumba yenyewe haipo tena. Yaliyotawanyika bila utaratibu ni ya pori, na yalikuwapo kabla ya kiwanja kupimwa. Yaliyojikusanya chini ya mtaro yaliletwa na maji. Na yakitokea mahali ulipomwaga udongo wa kichuguu, basi uliyaleta mwenyewe kwa toroli. Vichuguu vya Katanga ni vikubwa, vingine vinapita kimo cha nyumba, na udongo wake hauna tabia moja na udongo wa chini ya miti ya miombo. Mimea yake pia si ile ile.

Hadithi ya bibi wa injinia si ya kupuuzwa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Kambove ilikuwa miongoni mwa migodi ya kwanza kabisa. Nyumba za wakubwa wa kampuni zilikuwa na bustani. Kwa safari ya majuma kadhaa ndani ya meli na treni hakuna mmea mvumilivu kuliko tunguu: halihitaji maji, halihitaji mwanga, linalala tu ndani ya sanduku. Waliolipanda waliondoka. Lenyewe lilibaki, likazaa watoto ubavuni, na leo linatoka chini ya msingi wa choo.

Sasa tuiname.

Chimba pembeni kwa mkono au kijiti, si kwa jembe, mpaka uone bega la kitu kilichoko chini. Kama umejipatia kimoja cha kukata, kipasue kutoka juu hadi chini. Kikiwa na tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu cha jikoni, hilo ni tunguu halisi. Kikiwa kigumu na hakina tabaka ndani, chote nyama moja, lakini kimevaa ganda la nyuzi au la karatasi, hicho ni kitako cha shina, na hapo fikiria gladioli na jamaa zake. Kikiwa nyama moja bila ganda lolote, ni kiazi. Mgawanyo huu pekee huondoa nusu ya majina yanayotajwa mtaani.

Kisha rudi juu utazame ua kwa karibu. Tafuta kifuko cha mbegu, kile kivimbe cha kijani. Je, kimekaa ndani ya ua, petali zikiwa zimeanzia chini yake? Au kimekaa nje, chini ya petali, kwenye kikonyo? Halafu hesabu nyuzi zenye chavua. Sita, kifuko kikiwa chini ya petali, na maua yote yametoka nukta moja kwenye ncha ya shina lisilo na jani: uko katika ukoo wa amarili. Tatu tu, na majani bapa yamepangwa kama upanga ubavuni mwa upanga: ukoo wa gladioli. Sita, kifuko kikiwa ndani ya ua, na maua yamepanda shina moja baada ya jingine: tafuta kwenye jamaa za albuka na kitunguu-pori kikubwa kiitwacho Drimia, ambacho utomvu wake huwasha ngozi. Kama huzioni nyuzi hata moja, kwa kuwa chavua imeshikamana na nguzo moja katikati, unatazama okidi.

Tufe jekundu la kwenye lenga-lenga sasa halina siri. Likiwa na maua madogo mengi, pengine mia na zaidi, shina lake limejaa ndani, na majani yanayofuata ni membamba ya kupitisha mwanga, yenye mshipa wa kati ulio wazi na madoadoa ya zambarau kwenye shingo, hilo ni Scadoxus multiflorus, mwenyeji wa Afrika. Hadi mwaka 1976 vitabu vingi viliuweka mmea huu katika jenasi ya Haemanthus. Mshipa ule wa kati ni mojawapo ya alama zinazoutenga. Jirani wa kwanza alisema kweli, ni sumu. Bibi wa injinia hahusiki.

Lakini shina likiwa na maua makubwa mawili hadi sita tu, mekundu yanayoelekea chungwa na yenye nyota nyeupe au ya kijani kooni, likate chini kidogo ya maua. Likiwa na uwazi ndani, umepata Hippeastrum, na huyo ni mgeni kutoka Amerika ya kitropiki. Shina lililojaa lenye maua makubwa meupe yenye mstari wa waridi ni Crinum. Ukibaki na shaka subiri mbegu. Za Hippeastrum ni nyeusi, bapa, nyepesi, zinapeperuka. Za Crinum ni mabonge ya nyama ya kijani, na huchipua zenyewe juu ya meza bila tone la maji. Sijui kipimo kingine katika bustani kinachofurahisha watoto kuliko hicho.

Kuna wageni wengine wadogo. Ua la waridi au jeupe, moja tu kwa kila kikonyo, linalofumuka ghafla siku chache baada ya mvua kubwa, jani jembamba kama la nyasi: ni Zephyranthes kutoka Amerika. Livulie kofia, lakini usilikaribishe ovyo: likishaingia halitoki.

Gladioli inahitaji muda zaidi, kwa sababu hapa ndipo mwenyeji na mgeni wanapofanana sura, na ni haki yao kufanana. Katika miombo ya Katanga huota Gladiolus dalenii: ua la chungwa au jekundu lenye njano kooni, petali ya juu imeinama kama kofia juu ya nyuzi. Vitako vya jamii hii kutoka kusini mwa Afrika vilifika Ulaya karne ya 19, na mwaka 1841 Louis Van Houtte wa Ghent, Ubelgiji, akaanza kuuza chotara aliyeitwa gandavensis, yaani wa Ghent. Mmoja wa wazazi wake ni dalenii. Kutoka hapo zilizaliwa gladioli kubwa za madukani. Kwa hiyo ua la fahari lililoletwa na meli hadi kwenye bustani ya mkubwa wa mgodi lilikuwa na damu ya ua lililokuwa likichanua porini, ng'ambo ya uzio. Kuwatenganisha, tazama shina. Chotara wa bustani hubeba maua mengi yaliyobanana, yaliyofunguka bapa yakimtazama mtazamaji, mara nyingi mazito hadi shina linahitaji kijiti. Wa pori husimama mwenyewe, maua yake ni machache, na kofia haikosekani.

Kwa ladha yangu wa pori anashinda. Kwenye jambo hili sibishani na mtu, lakini sibadiliki.

Kuna maua mengine yanayowadanganya hata wenye uzoefu kwa sababu yanatoka ardhini moja kwa moja, bila shina. La waridi au zambarau, laini, limekaa juu ya majivu kabla jani halijaonekana, ni Siphonochilus, ndugu wa tangawizi; liguse jani lake baadaye na unuse. La manjano lililokaa katikati ya majani machache mapana yaliyolala bapa juu ya udongo ni Costus spectabilis. Yote mawili yana uzi mmoja tu wenye chavua. Anayeyaita malili hajahesabu.

Hapa naomba uwe mkali kidogo. Kiazi kilichopinda kama herufi V au L, mmea wake unapanda uzio kwa ncha za majani zilizojisokota, petali zake nyekundu na njano zimegeuka juu: hiyo ni Gloriosa superba. Ni nzuri kupita kiasi. Ndani ya kiazi chake kuna sumu ya kolkisini, na Sri Lanka wamekufa watu waliokichemsha wakidhani ni kiazi kitamu. Matunguu ya ukoo wa amarili nayo hutapisha vibaya. Mbaya zaidi ni Boophone, tunguu kubwa lililotokeza nusu juu ya ardhi, limevaa maganda ya kahawia yaliyorundikana kama karatasi, majani yake yamefunguka kama kipepeo cha mkono. Wasani wa kusini mwa Afrika walitumia utomvu wake kwenye mishale. Kiwanja chenye watoto hakitakiwi kuwa na matunguu yasiyojulikana karibu na tuta la vitunguu vya kula. Kunusa kunasaidia, kwa sababu haya hayana harufu ya kitunguu, lakini pua si kibali cha kula. Usionje kamwe.

Mtu wa Lubumbashi atauliza: mbona kikanda tunakula? Kweli, na ni kitamu, hasa kikikatwa vipande vinene na pilipili haikuonewa huruma. Kikanda hutengenezwa kwa viazi vya okidi za ardhini, hasa za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria, vilivyokaushwa, vikatwangwa na kupikwa na unga wa karanga. Zichimbue okidi hizi kwa uangalifu utaona viazi viwili. Kimoja kimekunjamana: hicho ndicho kinacholisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa: hicho ni mmea wa mwaka ujao. Mchimbaji huchukua kilichojaa. Ndiyo maana mabonde yaliyokuwa na okidi yamebaki matupu, na wanunuzi wakavuka mipaka hadi nyanda za juu za Tanzania, ambako uwanda wa Kitulo, unaoitwa Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Okidi ikikutokea uani, una kitu ambacho soko linakitafuta. Nyamaza.

Ukishajua ni nini, pima ubora wake. Tunguu zuri ni zito kuliko linavyoonekana. Bonyeza kitako, pale mizizi inapotokea, si ubavuni: kitako kikilegea, limekwisha, hata kama mwili unang'aa. Shingo iwe nene na isiwe na unyevu. Maganda makavu yaliyochanika si kasoro. Kwa Hippeastrum na Crinum angalia mistari na mabaka mekundu kama ya kuungua kwenye magamba na majani. Huo ni ukungu, na tunguu la namna hiyo halipewi jirani. Gladioli ipimwe kwa unene, si kwa upana: kitako kipana kilichobonyea ni kizee, kilichonenepa ndicho kitakachotoa ua. Usishangae pia ukifukua wakati wa kulala ukakuta kitako kipya kimekaa juu ya maiti ya kile cha zamani. Hufanya hivyo kila mwaka.

Utambuzi nao una ubora wake. Jina lenye picha ya ua peke yake ni utambuzi wa daraja la chini. La kati lina ua, jani na mwezi. La juu lina hayo yote pamoja na mbegu, aina ya udongo, na tawi moja lililokaushwa kati ya magazeti, ambalo mtu mwingine anaweza kulikagua. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na sehemu kubwa ya tunayojua juu ya mimea ya huku ilitokana na vielelezo vya namna hiyo, tangu mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud alipochapisha kazi yake juu ya uoto wa udongo wenye madini wa Katanga mwaka 1958, hadi miongo ya utafiti ya François Malaisse.

Vilima vya shaba ni habari nyingine. Vina gladioli zake, mojawapo ni Gladiolus ledoctei, zilizozoea udongo ambao mahindi yangeufia. Vilima hivyo hivyo ndivyo vinavyochimbwa, na mashine haichagui. Hamu ya kubeba kitako kimoja nyumbani inaeleweka, lakini tuta lililonona kwa samadi si nyumba yake. Kiache, piga picha, andika mahali.

Kwa hilo lililotokea uani mwako, usilihamishe likiwa na ua, wala usikate majani ati yanaharibu sura ya bustani; majani ndiyo yanayolipa deni la ua la mwaka huu. Chomeka kijiti ubavuni mwake, andika mwezi na siku, waambie wanaolima wasipitishe jembe hapo, na usubiri mpaka Mei majani yakauke yenyewe.