Usinunue Kwanza

Hapa Gisenyi maji huchemka yakifika nyuzi joto 95 tu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na anayepika maharage analijua hilo kwa wingi wa makaa anayoyachoma. Anayetunza gari la zamani nyumbani analijua kwa njia nyingine. Akiitoa thamostati kwenye injini na kuitumbukiza ndani ya sufuria ili aone kama ingali hai, ile ya nyuzi 83 itafunguka mbele ya macho yake. Ile ya nyuzi 89 itaachia upenyo mdogo, kisha ikwame hapo hata maji yote yaishe. Aliyejifunzia kazi Mombasa ataitupa. Aliyejifunzia hapa ataifuta maji na kuirudisha mahali pake, kwa sababu si mbovu. Ni maji tu yaliyoshindwa kufikia joto la kuifungua kikamilifu.

Naanza na sufuria kwa sababu ufundi ninaousifu si ule wa kufungua nati. Kufungua nati hufundishika upesi. Nausifu ufundi wa kujua gari linaumwa nini kabla ya kuligusa, hasa gari la spoti lililozeeka, ambalo halina skrini ya kumpa mtu namba ya kosa. Langu ni Peugeot 205 GTI ya lita 1.6, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1984 ikiwa na nguvu za farasi 105 ndani ya mwili wa kilo 850 hivi. Lilifika Rwanda kutoka Ubelgiji, usukani kushoto kama barabara zetu zinavyotaka, likakaa miaka mingi chini ya turubai kabla ya kuja kwangu. Barabara ya Musanze, inayoondoka ziwani na kupanda kona baada ya kona hadi kupita mita 2,000, ndiyo inayonifanya nisiliuze. Gia ya tatu, kona ya kushoto, mashamba ya viazi upande mmoja na mlima Karisimbi upande wa pili: sijaendesha gari jipya la ukubwa huo linalomfikishia dereva kila habari ya barabara mikononi mwake namna hiyo.

Petroli hupimwa na mtambo wa Bosch uitwao L-Jetronic. Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye sanduku dogo lenye kibati cha springi. Hewa ikizidi, kibati hufunguka zaidi, na waya hupeleka habari hiyo kwa kompyuta, nayo huamua nozeli zikae wazi kwa muda gani. Ni mtambo mwaminifu, ila una sharti: hewa yote lazima ipite kwenye kibati. Ikipenya penginepo, kwenye mpira uliopasuka au gasketi iliyochoka, injini itaivuta bila kompyuta kujua, na petroli itakuwa chache kuliko hewa. Hata kijiti cha kupimia oili kisipokaa sawasawa, mngurumo hubadilika. Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza hakigharimu kitu: injini ikinguruma taratibu, nachomoa kijiti hicho. Ikiyumba na kutaka kuzima, njia ya hewa ni nzima. Isipojali, tayari kuna tundu mahali, na hapo nachukua bomba la mpira, ncha moja sikioni, ncha nyingine naipitisha kando ya kila kiungo, kama mkunga anavyotafuta mapigo ya moyo tumboni. Hewa inayoibwa hulia kwa sauti nyembamba. Ukishaisikia hutaisahau.

Kuna wakati gari lilianza kutoa moshi mweusi. Asubuhi liliwaka vizuri, lakini injini ikishapata moto lilianza kumisi, na plagi zikitolewa zina masizi makavu. Kila aliyepita langoni alikuwa na dawa ya kununua: nozeli, pampu ya mafuta, sanduku zima la kibati. Na kununua hapa si jambo dogo. Spea za gari kama hili hazikai dukani hapa Gisenyi. Labda Kigali, mwendo wa kilomita 150 na ushee. Labda Birere, ng'ambo ya pili huko Goma, ikiwa mpaka uko wazi siku hiyo. Vinginevyo ni Ulaya, pamoja na ushuru wake. Fundi mmoja wa Goma, mtu wa makamo, alisikiliza injini kidogo, akanigeukia. “Muzee, usinunue kwanza.” Hakuongeza neno, akarudi kwenye kazi yake. Sijapata fundisho lililonifaa kuliko hilo.

Basi nikakaa chini kuuliza. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Asubuhi petroli nyingi inahitajika, kwa hiyo asubuhi hapana lawama. Tatizo linaanzia pale ambapo ingepaswa kupungua. Nani huiambia kompyuta kwamba injini imepata moto? Ni sensa moja ndogo iliyozama ndani ya maji ya kupoozea. Ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda: omu 2,500 hivi kwenye nyuzi 20, omu 300 na kitu kwenye nyuzi 80. Nikaipima yenyewe injini ikiwa ya moto, namba zikawa nzuri. Mwenye haraka angeishia hapo na kwenda kulaumu kitu kingine. Lakini kompyuta haiisomi sensa. Inasoma kile kinachofika mwisho wa waya. Nikapima huko mwisho, na omu zilikuwa zaidi ya elfu moja. Injini inatokota, kompyuta inaambiwa bado ni alfajiri ya baridi, nayo kwa uaminifu wake inazidi kumwaga petroli.

Nilipochana ganda la waya, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Unyevu wa ziwa kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine Nyiragongo, mlima unaopumua gesi ya salfa juu ya miji hii miwili miaka nenda miaka rudi: shaba haidumu kati ya hivyo viwili. Kipande cha waya mpya na risasi ya kulehemu vilitosha. Furaha ya saa ile sijui niielezeje. Si furaha ya kuokoa pesa, ingawa niliokoa nyingi. Ni kwamba kitu kilichokuwa fumbo kilikaa mezani kikiwa na urefu wa kidole, na kila dalili iliyonisumbua ilirudi na kujieleza.

Masizi yalipungua, hayakuisha kabisa, na yaliyobaki si ugonjwa. Msukumo wa hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 16 hivi ukilinganisha na pwani, na kibati huhisi sehemu tu ya upungufu huo. Petroli hubaki imezidi kidogo. Kuna skrubu kwenye sanduku lile inayofungulia hewa njia ndogo ya pembeni. Robo ya mzunguko, subiri, sikiliza, tazama plagi. Rangi ninayoitaka ni kahawia isiyokolea. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayegusa skrubu hiyo na muda wa cheche asubuhi hiyohiyo hatajua ni kipi kilicholiponya gari. Mfuniko wa rejeta nao hukaguliwa hapa kwa ukali kuliko pwani, maana ukishindwa kushika shinikizo, maji yatachemka kwenye zile nyuzi 95 au chini yake, katikati ya mlima.

Mji huu una neno pia kuhusu jeki. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilisimama pembezoni mwa Goma, lakini ardhi iliendelea kutetemeka kwa siku kadhaa na kupasua kuta na barabara huku kwetu. Sielewi mtu anavyoweza kuishi hapa na bado akalala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Stendi mbili za chuma, gogo la mbao, tairi lililotolewa likalazwa chini ya ubavu wa gari, ndipo mwili unaingia.

Wapenda mbio za magari humkumbuka Joginder Singh, dereva wa Kenya, kwa usukani. Mimi humkumbuka kwa spana. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia katika kazi ya gereji, na mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: kiwanda kilikuwa kimeitumia katika mashindano ya mwaka uliotangulia, kisha kikaiuza. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Hata hivyo, hesabu ninayoiheshimu zaidi ni nyingine: katika Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Kwenye tope na mawe yale, ambako magari mengi yaliachwa njiani, kumaliza kiasi hicho hakutokani na mguu wa mafuta. Kunatoka kwa mtu anayesikia beringi ikianza kulalamika kabla haijavunjika.

Lakini kwenye injini ya gari langu kipo kitu kisicholalamika: mkanda wa taiming. Haulii, hautoi moshi, wala plagi haziusemi. Siku yake ikifika hukatika, valvu na pistoni zikagongana, na injini ikawa chuma chakavu. Hapo sikio halina kazi. Kazi ni ya daftari, kuhesabu miaka na kilomita. Nilipoubadilisha niliweka na pampu mpya ya maji, kwa kuwa mkanda huohuo ndio unaoizungusha na hakuna sababu ya kufungua njia ile mara mbili. Tairi la mbele la kulia linatoka, kifuniko kinatoka, vyuma viwili vyembamba vinapitishwa kwenye matundu ya puli ya juu na ya chini ili valvu na pistoni zisipoteane, ndipo mkanda wa zamani unavuliwa. Tarehe na kilomita nimeziandika kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko chenyewe, ili atakayelipokea gari hili baada yangu asilazimike kukisia.