Siti binti Saadi na Watu wa Ng'ambo

Katika madarasa yetu ya siasa jina la Siti binti Saadi hutajwa mara nyingi, na mara nyingi hutajwa vibaya. Sisemi kwamba hutukanwa. Hupambwa. Mwanafunzi huambiwa habari za binti maskini wa Fumba aliyeuza vyungu, akajaliwa sauti, akapanda mpaka akaimba katika jumba la Sultani, na santuri zake zikavuka bahari. Mwanafunzi huyo hutoka darasani akiamini kwamba dawa ya unyonge ni kipaji, na kwamba asiye na kipaji na angoje bahati. Hii ni fikra ya kibwanyenye, nami nakiri kwamba niliifundisha hivyo kwa miaka kadhaa kabla sijaulizwa na mwanafunzi mmoja: je, wale wafinyanzi wengine wa Fumba walikosa nini?

Swali hilo ndilo linalotupasa kuanzia. Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika ukoo uliotoka katika utumwa, na jina alilopewa mwanzo lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, mashamba ya karafuu yalibaki mikononi mwa walewale. Aliyekuwa mtumwa alipewa uhuru bila ardhi, na uhuru wa namna hiyo ni uhuru wa kwenda kutafuta bwana mwingine. Maelfu wakahamia mjini, wakajenga vibanda ng'ambo ya pili ya hori, mkabala na majumba ya mawe. Siti naye aliingia mjini mwaka 1911. Hakwenda peke yake, basi. Alikwenda na tabaka zima.

Huko mjini alifundishwa. Jambo hili wapambaji hulipita haraka. Ali Muhsin alimfunza kuimba, na akina Subeti Ambari, Mbaruku Talsam, Buda na Maalim Shaabani wakawa wenzake wa kazi. Sauti alikuwa nayo tangu alipokuwa akinadi vyungu njiani, lakini muziki aliupata katika kikundi, kwa mazoezi ya kila siku, na nyimbo zilitungwa na kusahihishwa kwa pamoja. Taarabu yenyewe ilikuwa mali ya jumba. Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza, na kwa muda mrefu nyimbo ziliimbwa Kiarabu, lugha ambayo watumishi waliobeba sinia za kahawa barazani hawakuielewa vizuri. Siti na wenzake waliichukua taarabu ile wakaiweka katika Kiswahili cha watu wa Ng'ambo. Waungwana wa mjini walikasirika. Wakamkebehi kwa kaniki yake na kwa udongo wa vyungu, naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na nasaba si kitu mbele ya akili na tabia njema. Huo ulikuwa ni mgongano wa matabaka, hata kama uliendeshwa kwa mafumbo na fidla.

Sasa tuutazame wimbo wa Kijiti, kwani hapo ndipo uzito wake unapoonekana. Wimbo unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Muuaji alivuka akatorokea bara; waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani, wanawake wawili wakafungwa. Mahakama ya mkoloni ilikuwa na kanuni, kalamu na miwani, ila haki haikuwa nayo. Siti hakuandika makala wala risala. Elimu ya shule hakuipata, na wasikilizaji wake wengi vilevile. Aliipeleka kesi ile katika baraza lingine, baraza la watu waliokaa mkekani usiku wakisikiliza, na huko hukumu ikatolewa upya. Ni kweli wimbo huo unawalaumu pia wanawake wale kwa kumtoa mgeni matembezini na kwa ulevi. Tusiufiche udhaifu huo. Msanii wa wanyonge hubeba pia kasumba za zama zake.

Kiongozi wa shina na autazame mwaka 1928. Katika mwaka huo Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice. Katika mwaka huohuo wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Nyumba zilikuwa zao, ardhi ilikuwa ya makabaila, na kodi ilikuwa imepanda mno. Wenzao walipotiwa jela kwa mgomo ule, watu waliivamia jela. Sidai kwamba Siti aliuongoza mgomo. Nasema kwamba watu walewale waliokusanyika nyumbani kwake kusikiliza habari za mahakama na za rushwa ndio waliokuwa wakizoea, usiku baada ya usiku, kuyajadili mambo ya mabwana bila hofu. Ama kampuni ya santuri, hiyo haikuja kutetea mnyonge. Ilikuja kutafuta wanunuzi. Ikawapata, na bila ya kukusudia ikasambaza Kiswahili cha Ng'ambo mpaka bara.

Shaaban Robert, aliyemwendea Siti muda mfupi kabla hajafariki Julai 1950, alituachia Wasifu wake, nasi tunamshukuru. Lakini Wasifu ule umeandikwa kwa jicho la mwalimu wa maadili. Unatuonyesha subira, ukarimu na heshima ya mtu mmoja; kodi ya viwanja haipewi nafasi inayostahili. Makada wanaousoma peke yake huiga sifa hizo na kuusahau mji uliozihitaji.

Wapo pia ndugu wanaosema kinyume: aliimba kwa Sultani, basi aondolewe katika mafunzo yetu. Kwangu mimi huu ni uvivu wa fikra. Aliingia jumbani akaimba Kiswahili, akatoka akarudi Ng'ambo, na mlango wake ukabaki wazi kwa jirani. Miaka kumi na minne baada ya kifo chake Ng'ambo hiyohiyo ilikuwa katikati ya Mapinduzi. Wanawake waandishi wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987, walipotafuta jina la jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Hawakulitafuta jina hilo jumbani.

Katika somo langu sasa nimeacha kuanza na vyungu. Naanza na ramani ya mji, hori katikati, mawe upande huu na udongo upande ule. Kisha nawauliza wanafunzi kila nyumba ilimlipa nani kodi. Wakishajibu, ndipo tunausikiliza wimbo wa Kijiti.