Panzi wa Uzi na Manyoya

Panzi wangu wa kwanza alikuwa na miguu sita kamili, papasi mbili, na mbawa zilizokunjwa vizuri mgongoni. Nilimfunga kwa siku tatu juu ya ndoano, kwa uzi, manyoya na gundi, nikamweka mezani nisifiwe. Binti wa dada yangu, aliyekuwa na miaka tisa, alimtazama kwa muda, akasema, "Mjomba, mbona miguu yake inatoka tumboni?" Nikacheka. Nikatoka nje kwenye nyasi kutafuta panzi halisi nimwoneshe mtoto kwamba hajui kitu. Nilirudi nimeumbuka. Miguu yote sita ya panzi hutoka kifuani, na mbawa zake pia. Tumbo halibebi kitu, limekaa nyuma tu kama mkia wa joho. Nimekua nikiwakimbiza panzi, nimewafunga nyuzi, nimewatia kwenye makopo, na kumbe sikuwa nimemtazama hata mmoja.

Ufundi huu huitwa kufunga nzi, ingawa anayefungwa anaweza kuwa panzi, mchwa, kerengende au mdudu mwingine yeyote ambaye samaki humla. Hapa kwetu Nyeri ulikuja pamoja na samaki wake. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, alileta trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, wakamiminwa katika mto Gura unaoteremka kwa kasi kutoka Nyandarua. Trauti hupenda maji baridi na hula sana wadudu. Baadaye ufungaji ukawa kazi ya kulipwa, na hadi leo kuna karakana za Nairobi zinazofunga nzi wa kuuzwa Ulaya na Marekani, nyingi zikitegemea mikono ya akina mama. Niliwahi kukaa nyuma ya mmoja wao nikimwangalia: uzi unazunguka, nyoya linakaa, fundo, mkasi, mwingine. Sikuona kidole kikisita hata mara moja. Lakini anayelipwa kwa idadi hana nafasi ya kuuliza mguu wa mdudu una kucha ngapi. Nzi wake ni dokezo la mdudu: kivimbe cha rangi, kishungi cha nywele, basi, na samaki hutosheka.

Ninayemsifu mimi ni yule nzi mwingine, anayefungwa mpaka ukimweka juu ya jani mgeni anamwogopa.

Kufunga nzi si jambo la juzi. Aelian, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki yapata mwaka 200, anasimulia juu ya wavuvi wa Makedonia waliowaona samaki wakimrukia mdudu fulani juu ya maji. Walishindwa kumtumia kama chambo, kwa sababu akiguswa na mkono wa mtu alipoteza rangi yake na mbawa zikanyauka. Basi wakazungushia ndoano sufu nyekundu, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta. Nilipokisoma kisa hicho nilimkumbuka vunjajungu wetu, ambaye wazee walituonya tusimshike, eti chungu cha kwanza utakachokigusa baada yake kitapasuka. (Hao vunjajungu sikuwagusa hadi nilipokuwa mtu mzima, na hata leo nikimshika mmoja siingii jikoni upesi.) Yule wa Makedonia alinyauka kwa kuguswa, huyu wetu hulipiza kisasi. Kwa wote wawili, mkono ukizuiwa, jicho ndilo linalobaki na kazi.

Vifaa si vingi. Unahitaji jiliwa dogo la kuibana ndoano, uzi mwembamba uliopakwa nta, mkasi mkali, kibano, sindano, na tone la gundi. Ndoano zina namba, nazo huwachanganya wageni: namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo, kwa hiyo anza na ya 8 au 10 na usiguse ya 18 mpaka vidole viache kutetemeka. Manyoya ya kanga yanafaa kwa miguu yenye madoadoa. Ya shingo ya jogoo yanafaa karibu kwa kila kitu. Kosa la kila anayeanza ni kusahau kuacha nafasi nyuma ya tundu la ndoano. Anajaza kichwa, anajaza kifua, mwishoni hana pa kufunga fundo, na tundu limezibwa kwa gundi hata mshipi haupiti. Nina kikopo kizima cha vipofu wa namna hiyo.

Raha yenyewe imo kwenye miguu na macho. Chukua nyuzi tatu za nyoya la mkia wa fezanti, zipige fundo moja la kawaida pamoja, uvute polepole. Fundo hilo ndilo goti. Juu yake paja, chini yake muundi, na ghafla kitu kilichokuwa nyoya kinataka kuruka. Kwa macho ya buu wa kerengende, kata kipande cha nailoni nene, sogeza ncha yake karibu na moto wa kiberiti, itayeyuka na kujikunja kuwa shanga. Fanya hivyo ncha zote mbili, paka rangi nyeusi, funga katikati. Mara ya kwanza nilipofanikiwa kuyafunga macho hayo, nilihisi nimetazamwa.

Usipotazama kwa makini, mkono wako utafunga uongo. Pindua jiwe mtoni nawe utakuta wadudu wachanga wa jamii mbili wanaofanana ukiwatazama kwa haraka. Mmoja ana mikia miwili na kila mguu una kucha mbili. Mwingine kwa kawaida ana mikia mitatu, kucha moja kwa kila mguu, na matamvua ya kupumulia pembeni mwa tumbo. Huyu wa pili akipata mbawa hujivua ngozi mara moja tena, jambo lisilofanywa na mdudu mwingine yeyote mwenye mbawa, kisha huishi siku chache au saa chache tu bila kula. Kinywa chake hakifanyi kazi.

Sasa niseme lile ambalo wenye kabati za vioo hawapendi kulisikia: samaki mara nyingi humkataa mdudu uliyemfunga kwa wiki nzima. Miguu ya gundi haichezi majini. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza, alimfunga mdudu mchanga kwa nyuzi za mkia wa fezanti na waya mwembamba wa shaba, bila uzi na bila mguu hata mmoja, na nzi wake anavua duniani kote. Wavivu humtaja Sawyer kama hoja ya kwamba undani ni bure. Wanamsoma vibaya. Aliacha miguu kwa sababu aliwatazama wadudu wakiogelea akaona wanaikunja mwilini. Hakuna aliyeujua mguu vizuri kuliko yeye aliyeuacha. Aliyeacha asichokijua amebahatisha tu, na mtoni bahati huisha mapema asubuhi.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, anza na panzi. Mtie hai kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, mweke kando ya jiliwa, na kabla hujakata uzi hesabu kila kiungo kinakotokea. Ukimaliza mwachie. Wangu wa kwanza, mwenye miguu ya tumboni, bado yuko dirishani, rangi imempauka. Binti wa dada yangu sasa amenipita kimo, na hataki nimtupe.