Kurejezwa Ujana: Uhakiki wa Dai la Sayansi

Siku hizi yako madai ya kwamba uzee ni ugonjwa, na ya kuwa sayansi i karibu kuurudisha nyuma. Hapana budi madai haya yapimwe darasani kabla hayajafika mimbarani.

Kwanza, tuitendee haki sayansi. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwamba seli ya panya iliyokomaa yaweza kurudishwa katika hali ya uchanga kwa kuamsha jeni nne tu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitumia jeni tatu kati ya hizo, wakarejeza kwa sehemu nguvu ya macho ya panya wazee. Sisi wa Usambara tusistaajabu mno. Lile ua dogo la zambarau la misitu ya Amani, lililopewa na wataalamu jina la Saintpaulia mwaka 1893, huota mche mzima kutokana na jani moja lililokomaa. Basi jambo hili limo katika uumbaji wenyewe; mhubiri anayeliita uasi amekosea.

Lakini dai nalo lina kasoro. Jani hutoa mche, ila lenyewe haliwi changa. Vivyo hivyo seli iliyorudishwa hadi mwanzo husahau kazi yake, hata yaweza kuzaa uvimbe. Upya wa seli, basi, si upya wa mtu. Nikodemo, katika Yohana 3, alidhani kuzaliwa mara ya pili ni kurudi tumboni; Bwana alimwelekeza juu, wala si nyuma.

Kasoro ya pili ni hilo neno "ugonjwa". Shirika la Afya Duniani lilikusudia kuutia uzee katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, kisha likaliondoa neno hilo kwa sababu ya pingamizi. Pingamizi lilikuwa la haki: mzee akiitwa mgonjwa kwa sababu ya miaka yake tu, maumivu yake yanayotibika hupuuzwa.

Luther alifundisha Heidelberg, mwaka 1518, kwamba mwanateolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake halisi. Basi mtoto wa jicho tuuite ugonjwa, tumpeleke bibi hospitali. Miaka yake themanini tuiite miaka, tukamletee Meza ya Bwana nyumbani kwake. Mchungaji asiyetofautisha mawili haya atamnyima bibi yule ama tiba ama heshima.