Gelede: wanaume wanacheza, wamama wanatazama

Katika mashule yetu, tukisema «kinyago cha Afrika», mwanafunzi anaona paka sura ya mti yenye kutundikwa kwa ukuta. Hata sisi walimu tulifundisha vile, kwa picha moja tu ndani ya kitabu. Ni kosa, na Gelede ya Wayoruba inaonyesha ukubwa wa lile kosa.

Gelede inachezwa Nigeria, Benin (zaidi upande wa Kétou) na Togo, kiisha mavuno, ao wakati wa ukame na magonjwa ya kuambukiza. Kwanza ni usiku: Efe, mwimbaji mwenye kinyago, anasimama mbele ya watu, mara nyingi kwa uwanja wa soko, kwani soko ni ya wamama. Anabariki, lakini pia anachekelea na kulaumu wenye tabia mbaya, hata wakubwa. Mchana wachezaji wanakuja wawili wawili. Ni wanaume, lakini wamejifunga vitambaa walivyoazima kwa wamama, wamejitengenezea matiti na viuno, na njuga za chuma zinalia kwa miguu. Kinyago chenyewe kinakaa juu ya kichwa kama kofia. Uso unafunikwa na kitambaa chepesi. Juu yake fundi anachonga kila kitu: nyoka, ndege, hata cherehani na pikipiki. Ukiondoa ile miguu na ile sauti, unabaki na mti wenye kuchongwa, basi.

UNESCO iliitukuza Gelede mwaka wa 2001, na 2008 ikaiandika katika orodha ya urithi. Vizuri.

Ngoma yote ni ya «mama zetu», ndiyo wamama wazee, ambao Wayoruba wanasema wana nguvu ya kuzalisha na ya kuharibu. Kuna wenye kusema: hiyo si heshima, ni woga. Tunakubali nusu. Woga uko. Lakini kule woga unamfanya mwanaume acheze mbele ya mama mzee, na chama kinaongozwa na mwanaume na mwanamke pamoja. Kwetu hapa Kongo, mama mzee mwenye macho mekundu anaitwa mchawi, anafukuzwa, na mara ingine anauawa na vijana aliowabeba mgongoni.

Tulipoeleza haya darasani, msichana mmoja aliuliza: «Na wale wamama, wakati wa ngoma, banakuwaka wapi?» Wako pale pale, wanatazama kama wanaume wanacheza vizuri.